Unene wa Mstari

Mstari uliomhamisha mama yangu ulichorwa na mdogo wangu Gentil. Nasema hivyo bila ugomvi. Yeye mwenyewe husema hivyo akiulizwa, na tangu mama afariki sina mtu wa kumsimulia mambo haya, ndiyo maana nayaandika.

Mama aliitwa Nyiramana, lakini kule barrière ndogo, kizuizi cha mpakani wanakopita wachuuzi wa miguu kati ya Gisenyi na Goma, walimwita Mama Vestine, kwa jina langu mimi mzaliwa wa kwanza. Nyumba yetu ilikuwa pembeni ya barabara yao. Ilikuwa na baraza ya saruji na mabenchi mawili. Asubuhi wanawake wa kwetu waliokwenda kuuza Goma waliacha kwake vile wasivyotaka kuvuka navyo: viatu vizuri, mwavuli, wakati mwingine mtoto aliyeamka anakohoa. Jioni wale wa Goma waliokuwa wakirudi kwao waliacha nyanya zilizokosa mnunuzi, wazikute kesho. Hakuna aliyelipa. Huyu alimwachia fungu la sambaza, vile visamaki vya ziwani, yule kitunguu, mwingine habari za dada yake mama aliyeolewa Birere, huko Goma. Siku moja walikuja watu wa sensa wakamuuliza anafanya kazi gani. Alifikiri kidogo, akasema, "Mi nachungaka bintu ya batu." Kijana wa sensa aliandika kwamba hana kazi.

Gentil anafundisha jiografia chuo kikuu. Ana udaktari wa kusoma, na mama alilipenda sana neno hilo, akalitumia bila kufafanua. Matokeo yake wachuuzi walimwonyesha Gentil majipu kila alipokuja nyumbani. Kulikuwa na mwuza nyanya wa Goma aliyeitwa Mama Bruce, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, ambaye hakumwacha apumzike.

"We dokteri gani," alimwambia, "ata Panadol hauna?"

Gentil alicheka. Alimpenda Mama Bruce. Lakini mzaha ule ulimgusa mahali, maana hata yeye alikuwa akijiuliza kazi yake inamfaa nani. Alizoea kuja kukaa kwenye duka langu la ushonaji, karibu na soko, akiniangalia nikipiga pindo, na kulalamika kwamba yeye na wenzake wanaandikiana wao kwa wao. Makala inamchukua miaka miwili, alisema, halafu inasomwa na watu sita, na wanne kati yao ni wale aliowataja ndani. Mlima unamomonyoka, mito inabeba mashamba, miji inajengwa mahali pasipofaa, nao wanaojua wako darasani. Alitaka siku moja aingie mahali panapoamuliwa mambo, aulizwe.

Ukaja mwaka ule volkano ilipolipuka upande wa Goma, na ardhi ikatetemeka siku nyingi mfululizo mpaka ikapasuka hata huku kwetu. Mtaani mwetu ufa ulipanda kutoka upande wa ziwa, ukakata barabara, ukapita nyuma ya choo cha jirani yetu Bizumuremyi, ukapotelea kwenye shamba la maharage. Upana wake ungeuruka bila kukimbia. Nyumba yetu haukuigusa. Kati yake na ukuta wetu kulikuwa na uwanja wa kuanikia nguo, halafu kiwanja cha watu wengine, halafu njia. Mama hakuvunjikiwa hata sahani.

Gentil alikuja na wanafunzi wake wakakaa majuma. Walipima kila mahali ufa ulipopita, waliingia kila kaya, waliuliza ukuta huu ulipasuka lini, sakafu hii ilizama lini. Kisha akachora ramani. Nilimsaidia kuzikunja kwa sababu zilikuwa kubwa kama shuka, tena nyingi. Ndani yake ufa ulikuwa mwembamba kama uzi wangu wa kushonea vifungo, ukipinda pale unapopinda, na nyumba zote zilionekana moja moja. Niliiona nyumba yetu. Niliona hata baraza.

Katika ofisi iliyokuwa ikishughulikia makazi alikuwepo bwana mmoja aliyeitwa Mbabazi. Alikulia Uganda, ana sauti ya chini, ukifika kwake hakuachi usimame. Alizitazama zile shuka za Gentil kwa heshima, kisha akamwambia hawezi kuingia nazo kwenye kikao. Wakubwa wana dakika kumi. Akamwomba amtengenezee ukurasa mmoja.

Gentil alikuja dukani siku hiyohiyo, hakukaa. Alisimama katikati ya vitambaa akaniambia, "Dada, wameniomba." Sikumbuki kumwona na furaha ile hata siku aliyopata udaktari.

Ukurasa mmoja ulibidi uchukue mji mzima. Nyumba zikapotea, vichochoro vikapotea, ukabaki mji kama doa la kijivu na ufa mwekundu juu yake. Siku ya kikao waliuonyesha ukutani, mchana, mapazia hayafungi vizuri. Waliokaa nyuma walisema hawaoni kitu. Gentil aliinama kwenye kompyuta akaunenepesha mstari. Bado hawakuona. Akaunenepesha tena. Hapo wakaona, na mmoja wao akasema, kumbe jambo lenyewe ni rahisi hivi.

Baadaye alinieleza kwamba kwenye ramani ya namna ile mstari hauna upana. Unakuonyesha tu pa kutazama, ukishatazama unakwenda kusoma ile ramani kubwa. Kila mwanajiografia anajua hivyo, alisema, hata wa mwaka wa kwanza. Nilimwuliza mle ndani walikuwa wanajiografia wangapi. 

Ule ukurasa uliambatishwa kwenye uamuzi. Shuka zilibaki kabatini. Ofisini kulikuwa na fundi wa kompyuta, akaulaza ukurasa juu ya orodha ya viwanja vya mji, na kila kiwanja kilichoguswa na rangi nyekundu kikahesabiwa kuwa hatarini. Unene ule wa kwenye karatasi, ukiushusha ardhini, ulikuwa kama uwanja wa mpira kwa upana. Sitaki kusema walikuwa watu wabaya. Walikuwa wameona ardhi ikifunguka na waliogopa kwa niaba yetu. Walitafuta kilima kizuri upande wa Nyundo, wakajenga nyumba imara, zenye maji na umeme.

Tulitangaziwa Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Watu walikuwa bado wameshika majembe. Mbabazi alisimama na ukurasa uliokuzwa, akaeleza kwa upole, akamtaja Gentil kama mtoto wa mtaa huu aliyetumia elimu yake kwa faida ya wananchi. Watu walipiga makofi. Mama alipiga makofi kuliko wote. Kisha Bizumuremyi, ambaye alikuwa akitengeneza magurudumu ya vile vigari vya mizigo vya mpakani, akauliza yeye yuko ndani au nje. Akaambiwa yuko ndani. Akasema sawa, ufa uko nyuma ya choo chake, ameuona kwa macho. Mwingine akauliza. Ndani. Mwingine. Ndani. Wa nne alikuwa anakaa mbali kabisa, karibu na msikiti, na alipoambiwa yuko ndani alicheka, akidhani ni utani.

Mama hakuuliza. Juma lililofuata walipita na rangi, wakaweka alama kwenye ukuta wetu, juu kidogo ya benchi. Mama Bruce alifika jioni na karai lake la nyanya, akaitazama alama, akamtazama mama.

"Donc sasa we ni hatari?" akasema. "Miaka yote hii nakunywa uji kwa mutu hatari?"

Walicheka mpaka mama akafuta machozi kwa kitenge. Mimi ndiye niliyempigia simu Gentil.

Alikuja asubuhi iliyofuata, akaenda moja kwa moja uwanjani, akasimama kwenye nguo zilizoanikwa, akapima kwa macho mpaka upande wa choo cha Bizumuremyi. Alisema, hapana. Alisema wameupima mstari. Alirudia hivyo mara kadhaa, kama mtu aliyeibiwa asiyejua amwambie nani. Nilifunga duka tukaenda pamoja ofisini, yeye na shuka zake kwapani.

Mbabazi alituletea viti. Gentil alitandaza ramani kubwa juu ya meza na kueleza kwa muda mrefu, vizuri, bila hasira. Alionyesha kwamba kaya zilizo hatarini kweli zilikuwa chache, zile zilizokaa juu ya ufa wenyewe, na kwamba wengine wote wangeweza kubaki. Mbabazi alifuata kwa kidole. Naamini alielewa. Alipomaliza kuelewa alivua miwani.

"Daktari," alisema, "nyumba ya mama yako iko chini ya mstari?"

"Iko."

"Na kabla alama haijawekwa kwake ulikuwa hujauona unene huu?"

Gentil alisema alikuwa hajajua kama wangeupima. Mbabazi alitikisa kichwa kwa huruma. Akasema yeye anamwamini, lakini uamuzi umeshatiwa saini, na yeye ndiye atakayerudi mbele ya wakubwa kuwaambia mtaalamu amebadili maneno. Wataliuliza swali hilihili. Watasema mtu ametetea maslahi yake. Akasema, ungekuja bila mama ningekupeleka leo.

Tulirudi kwa miguu kando ya ziwa, tukipita kwenye hoteli. Tulifika karibu na Grande Barrière, kile kizuizi kikubwa, mahali malori yanapongoja. Hapo Gentil akasimama akasema amepata njia. Mama atahama. Atahama kwanza, kabla ya wengine wote, kwa hiari yake. Hapo yeye atakuwa hana maslahi yoyote, na atakaporudi kudai mstari upunguzwe hakuna atakayekuwa na la kumwambia. Kaya zote zitabaki. Na mstari ukishapunguzwa, kiwanja cha mama nacho kitakuwa kimetoka hatarini, mama atarudi. Ni miezi michache tu.

Nilimwambia aende akawaambie kweli: ni mama yangu, tena mstari mmekosea. Alinitazama kama mtu anayemfundisha mtoto. Alisema katika kazi yao mtu akiwa na upande hoja yake inachafuka, ni lazima kwanza ajitoe. Alilisema jambo hilo kwa imani ya kweli. Wamelelewa hivyo. Mimi nimesoma sekondari tu, Kigoma tulikoishi zamani, kabla hatujarudi Gisenyi, na nilidhani huenda kuna kitu sikijui.

Mama alimsikiliza akiwa anachambua mchele. Mama Bruce alikuwepo, na wanawake wengine wawili. Gentil alichuchumaa mbele yake, akaeleza, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitafuta maneno. Mama aliuliza jambo moja.

"Na hawa bengine batabaki?"

"Watabaki, mama."

"Bon. Basi mi naenda." Aliupeta mchele. "Mi ni mutu moya, papa."

Mama Bruce alisema yeye asingekubali, hata kama ni mwanawe, hata kama ni askofu. Mama akamwambia anyamaze, mtoto anafanya kazi.

Alihama kabla ya mvua. Ofisi ilituma gari zuri. Mbabazi mwenyewe alikuja, akabeba benchi moja kwa mikono yake. Gentil alikuwa ameomba nyumba isiguswe mpaka maombi yake yasikilizwe, na alijibiwa kwamba hilo linaeleweka. Juma lile lile ilibomolewa, kwa sababu kanuni nyingine ilisema nyumba iliyohamwa katika eneo la hatari isiachwe, watu wasije wakalala humo. Waliobomoa hawakujua habari za maombi. Nilifika nikakuta baraza tu, saruji ilikuwa ngumu wakaiacha kwa siku ya pili. Wanawake wawili wa Goma walikuwa wamekaa juu yake wanavaa viatu.

Gentil alipeleka maombi yake, na shuka, na barua ya chuo. Wakati maombi yakipita kutoka meza hadi meza, kulikuwa na mkutano mwingine baada ya umuganda. Sikwenda. Aliyenisimulia ni Bizumuremyi, alikuja dukani makusudi, akakataa kiti. Alisema watu walikuwa wamejipanga kukataa. Walikuwa na hoja, walikuwa na msemaji, walikuwa hata wamepima kwa kamba. Mbabazi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza kwa upole: kama mahali hapa ni salama, kwa nini daktari aliyepima ardhi hii amemhamisha mama yake kabla ya wengine wote?

"Tukafanya nini sasa?" Bizumuremyi alisema. "Batu banaangaliana. Mwenye kusema kuko salama, atajibu nini? Dada, mama yenu njo alitufunga kinywa." Kisha akaomba radhi, kwa sababu alimheshimu mama, na akaondoka. Yule wa karibu na msikiti ndiye aliyehama wa kwanza kati yao. Hakutaka watoto wake wafe kwa ajili ya ubishi.

Kabla ya mwaka kuisha mtaa ulikuwa umehama. Majibu ya maombi yalikuja baadaye. Gentil alinisomea kwa simu. Ofisi ilimshukuru kwa ufafanuzi wa kitaalamu na ikakiri kwamba mstari ungeweza kuchorwa kwa wembamba zaidi. Lakini kwa kuwa hapakuwa tena na kaya yoyote inayoishi chini yake, marekebisho hayangekuwa na umuhimu kwa sasa.  Mwezi huohuo chuo kilimpandisha cheo. Waliandika kwamba utafiti wake ni kati ya ile michache iliyoingia moja kwa moja katika maamuzi ya makazi, na walimpiga picha akiwa amesimama mbele ya ule ukurasa. Ulikuwa umewekwa kwenye fremu.

Nyumba ya mama kule kilimani ilikuwa bora kuliko ile ya zamani, sitasema uongo. Haikuvuja. Bomba lilikuwa ndani. Aliliweka benchi lake mbele ya mlango akakaa. Mbele yake kulikuwa na njia ya kwenda mashambani, na wanaopita hapo asubuhi ni wenye majembe na jioni ni wenye majembe, hawaachi kitu kwa mtu. Majirani zake wapya walikuwa watu wema wa kuongea Kinyarwanda kwa sauti ya chini, wakimwita mukecuru, yaani bibi mzee. Hakuna aliyemwita Mama Vestine. Nilikwenda kila Jumapili kwa pikipiki, na kabla sijavua kofia ya chuma aliniuliza kama wanapita. Alimaanisha wale wa barrière. Nilimwambia wanapita. Akauliza wanaweka wapi vitu vyao. Nilimwambia sijui, na kweli sikujua. Nilimwomba aje kukaa nami nyuma ya duka. Alisema akihama tena watasema Gentil alidanganya kwamba amehama kwa hiari.

Alisubiri kurudi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Gentil hakuweza kumwambia kwamba maombi yamejibiwa. Kila alipokuja alimletea sukari na dawa za presha, na kumwambia mambo ya ofisi yana mwendo wake. Mama alimpa moyo. Alimwambia kazi kubwa haifanywi kwa haraka.

Alifariki mwanzoni mwa msimu wa mvua, presha, walisema kwenye zahanati, na umri. Alikuwa na umri kweli. Tulimzika Nyundo. Sikujua nimpe nani wa Goma habari, sikuwa na namba ya hata mmoja. Walikuwa watu wa kuonana. Nilikwenda barrière nikasimama nikamwambia mwanamke wa kwanza aliyevuka na karai. Siku ya kumaliza kilio walikuja zaidi ya ishirini, wamekodi gari la mizigo ya viazi, wamepotea njia mara mbili. Mama Bruce alikuja amevaa viatu vyekundu. Alisema ndivyo viatu vya mwisho alivyomwachia mama kabla hajahama, na mama alivituma kwa mtu vikamfikia vikiwa vimepakwa rangi. Watu walicheka kidogo.

Kwa desturi yetu siku hiyo mwanamume mkubwa wa familia hunena, na anayekuja kunena kwa niaba ya wageni hunena. Ofisi ilimtuma Mbabazi. Alinena kwa staha, akamsifu mama kama mzazi aliyetanguliza usalama wa wananchi, mfano kwa mtaa mzima. Ilikuwa zamu ya Gentil. Alisimama na glasi mkononi. Alisema, "Mama yangu..." akakaa chini. Wageni walidhani ni majonzi, na walinong'ona kwa huruma. Mama Bruce alikuwa karibu nami. Aliinama akaniambia sikioni, si kwa ubaya, kwamba dokteri mwishowe ameugua.

Miezi kadhaa baadaye Gentil alikuja dukani mchana. Alikaa palepale anapokaa. Aliniambia amealikwa kuwafundisha watafiti vijana, jinsi ya kufikisha kazi zao kwa wanaoamua. Mara hii angesema kweli. Angewaambia wasitoe ukurasa mmoja bila ramani kubwa, wasitoe mstari bila kuandika upana wake, wakae kwenye kikao mpaka mwisho wamwulize fundi wa kompyuta atafanya nini. Yalikuwa mashauri mazuri. Kisha akaniomba picha ya mama, ile ya kwenye baraza, aiweke ukutani wamwone.

Niliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa pindo. Nikamwuliza na lile jingine atawaambia.

"Lipi?"

"Kwamba ulimtoa mama ili uonekane safi."

Alisema si kuonekana. Ilikuwa ili wamsikilize. Mtu mwenye mama ndani hawangemsikiliza.

"Hawakukusikiliza ukiwa huna," nikamwambia. "Ungebaki na mama."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliuliza kwa sauti ya udogo wetu kama ningekuja nikae nyuma tu, nisikilize. Nilisema nina nguo za harusi. Kuhusu picha nilimwambia hapana. Mbabazi alishamfanya mama mfano mara moja, nikasema, na tuliona mfano ule ulifanya nini. Aliinuka, akanishika bega, akatoka. Nilimsikia akibishana na mwenye pikipiki kuhusu nauli kama mtu yeyote.

Juma lililofuata alikuja mteja wangu Isimbi, msichana wa hapa Gisenyi anayesoma chuoni kwake, kuchukua sketi. Hajui kama mimi na Gentil ni ndugu. Alipokuwa akiijaribu alinisimulia habari za semina. Alisema daktari mmoja alifundisha vizuri mno, watu walisimama kumpigia makofi, hata wageni wa ofisi walikuwepo. Aliwafundisha kuhusu unene wa mstari. Alitoa kisa cha kweli.

Nilimwuliza kisa gani, nikiwa na pini mdomoni.

Alisema kulikuwa na mkazi mmoja, mzee, aliyehamishwa kimakosa. Alijaribu kukumbuka zaidi, akasema hakutajwa jina, kwa ajili ya faragha, ndivyo inavyotakiwa. Kisha akageuka mbele ya kioo, akaniuliza kama sketi haijambana nyuma. Nilimwambia haijabana. Nilitoa pini mdomoni moja moja, nikamwambia imemkaa vizuri.